Uzoefu wangu wa kudai marekebisho ya riba kwenye mkopo wa masomo Marekani

Mkopo ninaouzungumzia ni wa serikali ya Marekani, dola 20,500, nilioupata kwa mwaka wa masomo wa 2019 hadi 2020 nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili huku Minnesota. Riba yake ni asilimia 6.08 kwa mwaka na haibadiliki. Tathmini hii inahusu huduma ya kampuni inayousimamia mkopo huo, ambayo sitaitaja jina, na hasa namna ilivyolishughulikia kosa la riba ambalo nililigundua mwenyewe. Ninaiandika kwa sababu Waswahili wengi ninaowafahamu hapa hulipa kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa ya akaunti bila kukikagua, kwa kuamini kwamba kompyuta haikosei.

Mambo yalianza hivi. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilisitisha malipo ya mikopo hii na kushusha riba hadi sifuri kwa ajili ya janga la korona, na nafuu hiyo iliendelea hadi mwisho wa Agosti 2023. Riba ilianza kuhesabiwa tena tarehe 1 Septemba, na malipo yakarudi Oktoba. Katika miaka hiyo ya nafuu nililipa kidogo kidogo riba yote iliyokuwa imelimbikizana nilipokuwa chuoni, nikabaki na deni la msingi peke yake, yaani zile dola 20,500 nilizokopa. Kisha, tarehe 1 Mei 2023, mkopo wangu ukahamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kama ulivyohamishwa wa watu wengi wakati ule.

Taarifa ya tarehe 5 Oktoba ilionyesha kwamba ninadaiwa riba ya dola 536.12. Kiasi hicho kilinishtua, lakini kushtuka si hoja, nikatafuta njia ya kukipima. Mikopo hii hutozwa riba ya kila siku: unachukua deni la msingi, unalizidisha kwa kiwango cha riba, kisha unagawanya kwa siku 365. Kwangu mimi inatoka takriban dola 3.41 na nusu senti kwa siku. Nikagawanya 536.12 kwa kiasi hicho, nikapata siku 157. Hapo mke wangu akaishusha kalenda ya kanisa iliyokuwa imetundikwa jikoni, tukaanza kurudi nyuma mwezi baada ya mwezi kutoka 5 Oktoba, yeye akitaja idadi ya siku na mimi nikijumlisha. Mara ya kwanza tulikosea Agosti. “Tuanze upya, baba watoto,” akasema, na tulipomaliza mara ya pili kidole chake kilikuwa juu ya tarehe 1 Mei, siku ile ile mkopo ulipohama.

Kumbe kampuni mpya ilikuwa imeanza kuhesabu riba tangu siku ilipoupokea mkopo, badala ya tarehe 1 Septemba. Siku nilizopaswa kutozwa zilikuwa 34, yaani dola 116.10. Siku 123 zilizosalia, zenye thamani ya dola 420.02, zilikuwa ndani ya kipindi ambacho riba ilikuwa sifuri kwa wakopaji wote wa aina yangu.

Huduma ya simu ilinivunja moyo. Nilipiga mara tatu, na kila mara nilisubiri zaidi ya saa nzima. Mhudumu wa kwanza alinieleza kwamba mfumo ndio unaohesabu na yeye hana uwezo wa kuuingilia. Wa pili alinishauri nilipe kwanza, marekebisho yatakuja baadaye. Wa tatu aliahidi kwamba nitapigiwa, na sikupigiwa. Siwalaumu sana wahudumu hao, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeonekana kupewa nyenzo za kuona siku ambayo riba ilianza kuhesabiwa. Kampuni inayosimamia madeni ya watu ingepaswa kumpa mhudumu wake walau hilo.

Kwa kuwa sikutaka kuhesabiwa kuwa nimechelewa, nililipa dola 228.42 za mwezi huo tarehe 20 Oktoba. Malipo huanza kufuta riba, kisha ndipo yanapogusa deni la msingi, kwa hiyo fedha zangu zote zilimezwa na riba ambayo sehemu kubwa yake haikuwa halali. Kama hesabu ingekuwa sahihi, dola 167.32 zingelipa riba ya siku 49, na dola 61.10 zingepunguza deni lenyewe.

Nikaacha simu, nikaandika. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja: tarehe ya kuhamishwa, tarehe ya kuanza tena kwa riba, hesabu ya siku 157 dhidi ya 34, na ombi moja, kwamba riba ihesabiwe upya tangu 1 Septemba na malipo yangu yapangwe upya kwa tarehe yaliyolipwa. Niliituma kwa kampuni, kisha nikawasilisha malalamiko hayo hayo kwenye ofisi ya serikali ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, inayojulikana kwa kifupi CFPB, nikiambatanisha taarifa ya kampuni ya zamani iliyoonyesha riba sifuri. Ofisi hiyo hupeleka malalamiko moja kwa moja kwa kampuni na kwa kawaida huipa siku 15 za kujibu. Asiyejimudu kwa Kiingereza anaweza kulalamika kwa simu, kwani wanahudumia lugha zaidi ya 180 kupitia wakalimani. Huduma yao naisifu bila kusita: fomu inaeleweka, na kila hatua ilionekana kwenye akaunti yangu.

Jibu la kampuni lilikuja siku ya 12, likikiri kosa na kusema riba imerekebishwa. Nilifurahi, hadi nilipofungua historia ya miamala. Walichokifuta ni dola 358.92 tu, yaani riba batili iliyokuwa bado haijalipwa baada ya malipo yangu ya Oktoba. Dola 61.10, ambazo tayari zilikuwa zimetoka mfukoni mwangu kulipia riba hiyo batili, hazikurudi popote, na deni la msingi lilibaki 20,500 kamili. Hapa ndipo mtu huweza kuridhika mapema, kwa sababu riba batili haionekani tena kwenye akaunti na barua ya kuomba radhi iko mkononi. Ilinibidi niandike tena, safari hii mistari minne, nikionyesha kwamba 358.92 na 61.10 ndizo zinazokamilisha ile 420.02.

Marekebisho ya pili yalichukua wiki tano. Yalipoingia, mstari wa malipo ya 20 Oktoba ulikuwa umegawanywa upya, 167.32 kwenye riba na 61.10 kwenye deni la msingi, kwa tarehe ile ile niliyolipa. Maelezo ya maandishi ya chanzo cha kosa, ambayo niliyaomba katika barua zote mbili, sijayapata hadi leo.