Seti nusu ya gofu ya mitumba, fimbo saba tu: uzoefu wangu

Wale mnaotaka kuanza gofu halafu mkiona bei ya seti mpya mnakata tamaa, hii ni yenu. Nilichukua seti nusu ya mitumba, naitumia mpaka leo na sina mpango wa kubadilisha. Ina draiva (ya kupigia mbali kabisa), haibridi (mchanganyiko wa draiva na ayani), ayani (fimbo za chuma za umbali wa kati) namba 5, 7 na 9, sendi weji (ya kutolea mpira mchangani na kupigia karibu) na pata (ya kusukumia mpira shimoni), basi. Kuna watu watakwambia bila fimbo 14 hujakamilika, si kweli kabisa, sheria inasema usizidishe 14, kima cha chini hakuna, hata ukiingia na tatu hamna wa kukutoa.

Na kwa anayejifunza hizo zingine ni mzigo tu wa kubeba. Ayani moja na inayofuata zinapishana digrii tatu nne hivi za mlalo wa uso, aliyezoea anapata tofauti ya kama mita 10 kila namba, lakini anayeanza mpira wa ayani 7 leo unafika kesho unaishia njiani, sasa namba 6 ya nini? Fimbo chache zinakulazimisha uzijue, mimi ile 7 nimeijua kwelikweli kwa sababu kila tatizo naipigia yenyewe.

Ukienda kununua kuwa makini. Shika kichwa cha fimbo, kizungushe, halafu itikise fimbo karibu na sikio, ukisikia kitu kinacheza ndani achana nayo au omba bei ishuke. Yangu ya 9 ilikuja kichwa kimelegea na muuzaji alikuwa ameandika "hali nzuri sana", nikamtumia meseji, hakujibu, inaudhi sana kwa sababu anayeumia ni mtu aliyejibana kupata hicho kidogo. Ilitengenezeka kwa gundi ya epoksi lakini si kazi ya mnunuzi hiyo. Angalia pia mifereji ya kwenye weji isiwe imelika, na shafti (ule mti wa fimbo) ya chuma isiwe na kutu iliyochimba.

Gripu (raba ya kushikia) zikiwa zimekauka usiogope, hiyo ndo sehemu rahisi kuliko zote. Unachana ya zamani kwa kisu (shafti ya grafaiti nenda taratibu usiikwaruze), unatoa mabaki yote ya gundi, unazungushia tepu yenye gundi pande mbili, unamimina spiriti ndani ya gripu mpya ukiwa umeziba kitundu cha juu, unaimwagia na tepu, halafu unaisukuma kwa mkupuo mmoja kabla haijakauka maana ikigoma katikati ndo basi tena. Unainyoosha, unaiacha mpaka kesho yake. Fimbo inarudi kama mpya mkononi, nawaambia.

Mipira nanunua ile iliyookotwa, ila iliyopakwa rangi upya siitaki, huwezi kujua chini kuna nini.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba seti hii inatosha kabisa kwenye viwanja vifupi vya mashimo tisa, vile vya pa 3 tupu (kila shimo linatarajiwa mapigo matatu), ambavyo vingi unalipa unacheza unaondoka bila uanachama. Huko draiva inalala kwenye begi, ni 9, weji na pata. Natamani viwanja hivi viwe vingi kuliko vile vikubwa, huko ndo mtu wa kawaida anapata nafasi, muda na hela vyote vinatosha. Na hendikapu (mapigo unayopunguziwa ili ushindane sawa na aliyekuzidi) unaweza kupata vilevile, mfumo wa dunia ulioanza 2020 unapokea matokeo ya mashimo tisa na unaruhusu mpaka 54, kwa hiyo hata aliyeanza juzi anashindana na mkongwe kihalali.

Nyota nne kati ya tano. Moja naikata kwa sababu ya draiva, shafti yake ni ngumu, ya herufi S, kwa spidi yangu mpira unatoka chini na unakimbilia kulia, mkiweza tafuteni ya R, ya kawaida inayopinda zaidi.