Meli Inayolipuka Kabla ya Hadithi Kuanza: Uhakiki wa "Cause and Effect"

Anayeanza kutazama kipindi cha "Cause and Effect" bila kuonywa hupewa kilele kabla ya kupewa mwanzo. Meli ya angani iitwayo Enterprise inawaka moto, nahodha wake, Jean-Luc Picard, anaamuru watu waihame, na amri haijatekelezwa meli inapasuka vipande vipande. Hapo ndipo muziki wa ufunguzi unapoingia na majina ya waigizaji yanapopita juu ya nyota, kana kwamba hakuna aliyekufa. Kipindi hiki ni cha 18 katika msimu wa tano wa Star Trek: The Next Generation, mfululizo wa runinga wa hadithi za kisayansi, na kilirushwa Marekani kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1992. Kiliandikwa na Brannon Braga na kuongozwa na Jonathan Frakes, ambaye pia ndiye anayeigiza Riker, msaidizi wa nahodha. Nimekitazama upya hapa Nairobi pamoja na vijana wanaojifunza kuandika miswada ya filamu, na nimeridhika kwamba ni vigumu kupata kipindi kingine kinachoonyesha kaida za usimulizi wa runinga kwa uwazi kama hiki, japo dakika zake mbili za mwisho bado zinanikera.

Ili kukithamini, ni lazima kwanza mtazamaji akumbuke jinsi tamthilia za kila wiki zilivyosukwa wakati huo. Kila kipindi kilikuwa na kionjo kifupi kabla ya majina ya waigizaji, kisha sehemu tano zilizotenganishwa na matangazo ya biashara, na kila sehemu ililazimika kufunga kwa taharuki ya kutosha kumzuia mtazamaji asibadilishe stesheni. Kulikuwa na shajara ya nahodha, yaani sauti ya Picard ikitaja tarehe na kueleza meli iko wapi na inafanya nini, ambayo ilimwezesha mwandishi kutoa maelezo ya dakika tano kwa sentensi mbili. Na juu ya yote kulikuwa na kaida ambayo haikutajwa na yeyote lakini ilitiiwa na wote: mwisho wa kipindi kila kitu kirudi kilivyokuwa, kwa sababu stesheni mbalimbali zingeweza kurudia vipindi hivyo kwa mpangilio wowote na mtazamaji wa wiki ijayo hakupaswa kupotea. Nahodha angeweza kuteswa, kuzeeka au kuhuzunika kwa dakika 45, lakini wiki iliyofuata alikuwa ameketi kitini pake, mtulivu, kikombe cha chai mkononi.

Braga alichofanya ni kuichukua kaida hiyo ya kurudi mwanzo na kuigeuza kuwa adui wa wahusika wake. Baada ya mlipuko wa kionjo, tunasikia shajara: Enterprise imeingia katika eneo la anga liitwalo Typhon Expanse, nayo ndiyo meli ya kwanza kulipima. Maafisa wanne wanacheza karata. Daktari Beverly Crusher anaitwa kumtibu mhandisi Geordi La Forge, anayeona kizunguzungu. Usiku, akiwa chumbani kwake, daktari anasikia sauti za watu wengi wakinong'ona gizani, na glasi yake inaanguka na kuvunjika. Asubuhi kuna mkutano, kisha ufa unafunguka angani mbele yao, meli nyingine inachomoza kutoka ndani yake, inaigonga Enterprise ubavuni kwenye mojawapo ya injini zake, na mlipuko tuliouona mwanzoni unatokea. Matangazo ya biashara yanapita. Tunaporudi, shajara ile ile inasomwa kwa sauti ile ile: Enterprise imeingia Typhon Expanse, nayo ndiyo meli ya kwanza kulipima.

Katika chumba tulichokuwamo, shajara iliposikika mara ya pili, kijana mmoja aliyekuwa karibu na kompyuta alinyoosha mkono akitaka kuangalia kama faili imerudi nyuma. "Mwalimu, hapa si tumeshapita?" aliuliza. Nikamwomba aiache. Karata zilipoanza kugawanywa tena, msichana aliyekuwa nyuma yake akasema, "Ebu ngoja, daktari anajua." Huo ndio ustadi wenyewe. Hakuna mhusika aliyemweleza kwamba wakati unajirudia. Aligundua kwa kutazama uso wa mwigizaji Gates McFadden, ambaye anazitazama karata zikishuka mezani kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Mandhari hayo ya karata yanastahili kutazamwa peke yake, tena zaidi ya mara moja. Data, mashine yenye umbo la binadamu, ndiye anayegawa, na kila anapoweka karata mezani huitaja kwa sauti isiyo na hisia. Mara ya kwanza ni mchezo tu, wa kututambulisha watu na mahusiano yao: Riker anadai ana karata nzuri, daktari anahisi ni uongo, na anamshinda. Mara nyingine daktari anajua Riker anadanganya kabla hajafungua mdomo, na baadaye meza nzima inaanza kuzitaja karata kabla Data hajazigeuza. Maneno ni yale yale, viti ni vile vile, lakini yaliyokuwa porojo sasa yanatisha. Msomaji wa mashairi yetu atautambua ufundi huu mara moja, kwa kuwa ndivyo kipokeo kinavyofanya kazi katika shairi zuri: mshororo haubadiliki hata neno moja, ila kila ubeti unaoutangulia unautwisha maana mpya, hadi mwishoni unauma pale ulipokuwa umeanza kwa kuburudisha. Takriri isiyofanya hivyo ni kujaza nafasi.

Uongozaji nao umeielewa vyema kazi hii. Ingekuwa rahisi, na nafuu, kuzitumia tena picha zilezile kwa kila mzunguko, lakini mandhari yalipigwa upya na kamera ikawekwa mahali tofauti. Mzunguko wa awali unatuonyesha meza kwa mbali, kwa utulivu wa kawaida wa runinga. Katika mizunguko ya baadaye kamera imesogea, imeinama, inatafuta mikono na macho. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu kamera atahisi tu kwamba mambo yamebana zaidi. Glasi ya daktari ni mfano mwingine mdogo ninaoupenda. Anapoanza kushuku, anaihamisha kutoka mahali pake pa kawaida, na kwa dakika kadhaa tunaamini kwamba ameushinda mzunguko, lakini glasi inavunjika vilevile. Kwa kitu cha thamani ya shilingi chache mwandishi ametueleza kwamba kujua pekee hakutoshi, jambo ambalo angeweza kutuchosha nalo kwa hotuba nzima.

Ni vizuri pia kwamba aliyepewa jukumu la kugundua ni daktari. Katika mfululizo huu wenye mazoea ya kuwapa nahodha na Data mafumbo yote, Crusher mara nyingi huachiwa kuponya na kusikitika. Hapa anakusanya dalili kama afanyavyo tabibu: kizunguzungu cha La Forge, hisia ya kwamba ameshawahi kumtibu, sauti za usiku, na habari kwamba si yeye peke yake anayezisikia. Anazirekodi sauti hizo, na uchunguzi unabaini kwamba ni za watu wa meli hiyo hiyo, zikiwemo amri za Picard za dakika ya mwisho. Wamekuwa wakijisikia wenyewe wakifa. Kwangu hicho ndicho kilele halisi, na kinapatikana watu wakiwa wameketi wakisikiliza rekodi.

Sina sifa nyingi kwa sehemu inayofuata, ambapo maelezo ya kitaalamu yanamwagwa kama ilivyo desturi ya utanzu huu. Kuna chembe za kubuni, kuna mwangwi wa wakati, na kuna mpango wa Data kujitumia ujumbe mfupi katika mzunguko ujao. Maneno haya hayana maana nje ya meli, na wala hayakusudiwi kuwa nayo. Kazi yake ni kumwambia mtazamaji kwamba sheria za mchezo zimewekwa na hazitavunjwa. Kwa kigezo hicho yanafaulu. Ujumbe wenyewe unakuwa namba 3, inayoanza kujitokeza kila mahali, hadi kwenye meza ya karata ambapo wachezaji wote wanagawiwa tatu. Mgongano unapokaribia, Data anashauri kuisukuma meli ngeni kwa mwale, naye Riker anashauri kufungua ghala la vyombo vidogo ili hewa itoke kwa kishindo na kuisogeza Enterprise. Katika mizunguko yote iliyotangulia Picard amechagua ushauri wa Data. Safari hii Data anatupa jicho kwenye ukosi wa Riker, anaona alama tatu za cheo chake, na anaufuata ushauri wa Riker. Mtu anaweza kulalamika kwamba hii ni sadfa iliyovishwa koti la sayansi, na kwamba mashine yenye akili kiasi hicho ingeweza kujitumia neno zima badala ya namba. Naikubali hoja ya pili. Ya kwanza siikubali, kwa sababu alama hizo zimekuwa mbele ya macho yetu tangu dakika ya kwanza, na kosa lililosahihishwa linahusu mazoea: kila mtu melini, akiwemo mtazamaji, amezoea kwamba Data ndiye mwenye jibu.

Kwa waandishi wa Nairobi kuna funzo la mfukoni ndani ya haya yote. Watengenezaji wa filamu za Riverwood, waliokulia kwenye maduka na studio ndogondogo za River Road, wanajua zaidi ya mtu yeyote maana ya kupiga filamu kwa vyumba viwili na kamera moja. Hadithi ya kisayansi huogopwa kwa sababu inadhaniwa kudai mashine na milipuko ya bei ghali. "Cause and Effect" ina mlipuko, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya muda wake inapita katika vyumba vilevile vilivyokuwa vimejengwa tayari kwa vipindi vingine: meza ya karata, chumba cha daktari, zahanati, chumba cha mikutano, usukani. Ondoa meli, weka saluni ya Kayole ambamo wateja wale wale wanaingia kila asubuhi kwa mpangilio ule ule mpaka msusi mmoja anaanza kujua nani atabisha hodi, na msuko utasimama bila senti ya ziada. Vijana wangu walibishana kwa muda mrefu kuhusu nani katika saluni hiyo angekuwa wa kwanza kung'amua, na wengi wakakubaliana kuwa ni mfagizi, maana ndiye hukusanya nywele zilezile.

Sasa hizo dakika za mwisho. Mgongano umeepukwa, saa zinalinganishwa na chombo cha nje, na inabainika kwamba Enterprise imenaswa katika mzunguko kwa siku 17.4. Kisha uso wa nahodha wa meli ngeni unatokea kwenye kioo. Ni Morgan Bateson wa meli ya Bozeman, anayeigizwa na Kelsey Grammer, na anaamini kwamba ameondoka kituoni wiki tatu tu zilizopita. Kwake mwaka bado ni 2278. Kwa Picard miaka 90 imeshapita. Picard anamwalika kwa upole aje wazungumze, na kipindi kinaisha hapo.

Kinaya kiko wazi: shajara imekuwa ikijigamba kila mara kwamba Enterprise ni ya kwanza kufika pale, ilhali ndani ya ule ufa mlikuwa na waliotangulia miaka 90. Lakini mwandishi aliyekuwa mwangalifu kiasi cha kutufuatilizia glasi moja usiku hadi usiku anaiacha meli nzima ya watu waliopoteza wazazi, wenzi na watoto wao ipite kama kichekesho cha kufungia ukurasa. Natambua kwamba wengine huona ufupi huo kuwa ndio utamu wenyewe. Kwa maoni yangu hapa kaida imemshinda Braga. Baada ya kuigeuza desturi ya kurudi mwanzo kuwa jinamizi kwa dakika 40, anaitii bila swali: Enterprise inarudi kwenye shughuli zake, na gharama yote inatwishwa watu ambao hatutaketi nao. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, iliyotoka mwaka 2009, ina takriban nusu ya urefu wa kipindi hiki, lakini mhusika wake mkuu, Asha, anapotoka nje ya jamii yake kwenda kupanda mche wake jangwani, filamu haimrudishi alikotoka, na ndiyo sababu safari yake ina uzito.

Kwa anayetaka kukitazama kwa mara ya kwanza, hakuna haja ya kuvijua vipindi vilivyotangulia. Atambue tu kwamba Data ni mashine na La Forge huona kwa msaada wa kifaa anachovaa machoni, ambacho kina kazi yake katika msuko. Watoto wa umri wa shule ya msingi wataweza kukifuata, na pengine watang'amua mapema kuliko wazazi wao. Toleo lililosafishwa picha ndilo la kutafuta, kwa kuwa katika nakala za zamani alama za ukosini mwa Riker hazionekani kwa uwazi uleule, na mtazamaji anapunguziwa nafasi halali ya kulifumbua fumbo kabla ya Data. Anayekitazama ili ajifunze kuandika azime sauti kwenye mandhari ya karata, ayatazame yote kwa mfululizo, kisha aandike ni wakati gani hasa alitambua, kwa macho tu, kwamba wachezaji wameanza kuogopa.