Uzoefu wangu na programa ya USB ya kusomea NAND, Xbox 360 ya RGH iliyokata moto katikati ya apdeti

Wadau, hii naiandika kwa yeyote ambaye Xbox 360 yake yenye RGH (udukuzi wa kuchezea kuwaka kwa konsoli kwa chipu ya ziada, ili iendeshe programu zisizo rasmi) imekufa katikati ya apdeti na sasa anajiuliza anunue programa ya USB, yaani kifaa cha kusoma na kuandika kumbukumbu ya konsoli kupitia kompyuta, au aichukulie mashine kama spea. Nunua programa. Ila kuna vitu viwili vitatu nilitamani viwe vimeandikwa kwenye boksi, maana havipo kabisa, na ndio vinaamua kama utafufua konsoli au utaizika.

Mashine yangu ni slim, bodi ya Trinity, ile yenye NAND (chipu ya kumbukumbu inayobeba mfumo wa konsoli) ya megabaiti 16. Niliipata mkononi kwa mtu ikiwa tayari imefungwa chipu ya glitch, ndiyo hiyo chipu ya RGH, bakapu ya asili hakuna, aliyeifunga hakuiacha. Nilikuwa naipandisha dashibodi kwenda 17559 kwa njia ya kawaida, unaweka updflash.bin (faili la mfumo mpya) kwenye fleshi ya USB, unawasha kwa kitufe cha kutolea diski, XeLL, kiprogramu kidogo cha kuanzishia konsoli zilizodukuliwa, inapanda na kuanza kuandika yenyewe. Ikaanza kuandika, asilimia za mwanzo mwanzo tu hapo umeme ukakatika. Uliporudi feni inazunguka, taa ya kati kijani, skrini nyeusi tii, taa ya chipu inapepesa, inatulia, inapepesa tena, haifiki popote. Na XeLL yenyewe haipandi.

Hapo kwa nini XeLL nayo imekufa ni muhimu kuelewa. XeLL haikai mahali pengine salama, inakaa humohumo kwenye NAND, karibu na mwanzo, pamoja na hatua zile za kubutia. Uandishi unaanzia bloku ya kwanza kwenda mbele, kwa hiyo ukikatika mbele huko, tuseme nusu, mara nyingi XeLL inakuwa ishaandikwa nzima na unaweza kurudia kwa fleshi ileile bila kufungua skrubu hata moja. Ukikatika mwanzoni kama kwangu unabaki na mchanganyiko wa cha zamani na kipya na hakuna kinachobuti. Kwa hiyo kabla hujatoa hela jaribu kwanza kuwasha kwa kile kitufe cha diski, ukiona XeLL inakuja basi programa huihitaji.

Sasa kifaa chenyewe. Ni kibodi kidogo, upande mmoja USB, upande mwingine nyaya saba za kulehemu kwenye bodi ya konsoli. Kinafanya kazi na J-Runner, programu ya kusoma na kuandika NAND, kwenye Windows. Draiva ndio ilinizingua, haina saini, Windows 10 inaigomea mpaka uzime ule ulazima wa saini kwenye mipangilio ya kuanzisha kompyuta, na kwenye boksi hakuna hata mstari mmoja unaosema hivyo. Ukishapita hapo inatambulika vizuri. Konsoli unaichomeka kwenye umeme lakini huiwashi, inabaki stendibai, programa inaongea na chipu ya bodi kisha hiyo ndio inasoma NAND. Ukibonyeza kusoma, J-Runner inakuonyesha FlashConfig, ile namba inayotambulisha aina ya NAND, kwa Trinity unatakiwa uone 00023010. Ukiona sifuri tupu usianze kulaumu programa, angalia kwanza waya wa graundi na kama konsoli kweli imechomekwa.

Nyaya zilizokuja nazo hazifai. Ni ndefu mno na nyembamba, na hii sio suala la uzuri, ni suala la data. Nilisoma mara ya kwanza, nikasoma ya pili, nikalinganisha, J-Runner ikasema mafaili hayafanani. Bloku zenye makosa kwenye faili la kwanza zilikuwa namba hizi, kwenye la pili namba nyingine kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa wakidhani NAND imeoza. Bloku iliyoharibika kweli haihami jamani, ukisoma leo ipo namba ileile, ukisoma kesho ipo namba ileile. Kosa linalohamahama ni waya, lehemu baridi, au USB. Nikatoa zile nyaya, nikaweka za kwangu fupi kama urefu wa kiganja, nikazipitisha mbali na zile koili za umeme karibu na CPU, nikachomeka programa moja kwa moja kwenye mlango wa USB wa nyuma badala ya kupitia hab. Mafaili yakafanana. Kila moja kama megabaiti 16.5, kwa sababu juu ya zile 16 kuna baiti za ziada za kusahihishia makosa. Na ikabaki bloku moja tu mbovu, kila nikisoma ipo palepale, hiyo ndio mbovu ya kweli, na haina shida, xeBuild (programu inayounda imeji, yaani faili zima jipya la NAND) inaihamishia kwenye bloku za akiba kule mwisho wa NAND na konsoli inaendelea na maisha.

Kwa hiyo ukinunua hiki kifaa usiandike chochote kabla hujapata mafaili mawili yanayofanana. Chochote. Hata kama mashine imekufa na unaona hakuna cha kupoteza, kipo. Bloku ya pili ya NAND inabeba KV (hifadhi ya funguo za konsoli), humo kuna namba ya serial ya mashine, ufunguo wa diski na vyeti vyake, na ni ya konsoli hiyo moja tu duniani. Kule mwisho kuna smc_config yenye vipimo vya joto vya mashine yako. Mimi ambaye sikuwa na bakapu ya asili, lile faili la NAND iliyovurugika ndilo lilikuwa kila kitu. Ungeandika juu yake kwa haraka ungekuwa umefunga kesi mwenyewe.

KV imefungwa kwa ufunguo wa CPU, herufi na namba 32, na huo ufunguo haupo kwenye NAND, upo kwenye fyuzi ndani ya CPU. Nilikuwa na picha ya simu ya ile skrini ya XeLL, ina mistari ya fyuzi 00 mpaka 11, na hata kama mstari wa ufunguo wenyewe haukutoka vizuri kwenye picha, ukiunganisha mstari wa 03 na wa 05 unaupata. Nikauandika kwenye J-Runner taratibu, herufi kwa herufi, nikabonyeza enta. Sehemu zilizokuwa tupu pale pembeni zikajaa zote kwa mpigo, namba ya mashine, kanda, ufunguo wa diski. Nikageuza kava, namba iliyobandikwa nyuma ya konsoli na hii ya kwenye skrini ni moja. Nilishusha pumzi ndefu kwa kweli, maana hapo nilijua mashine ni mzima na kilichobaki ni kazi ya kawaida.

Kuunda imeji mpya ni kuchagua toleo na aina ya glitch, xeBuild inachukua KV na smc_config kutoka kwenye faili lako na kupanga vingine upya. Kuandika hakuchukui muda, ni dakika chache, watu waliotumia njia ya zamani ya kebo ya printa wanajua mateso ya kusubiri. Ukimaliza chomoa umeme kabisa, subiri kidogo, rudisha. Yangu iliwaka.

Kwa ujumla kifaa chenyewe nakipa nne kwa tano. Kusoma na kuandika hakijawahi kuniangusha baada ya kubadilisha nyaya. Hiyo moja naitoa kwa nyaya na kwa kukosa maelezo, mtu anayeanza atapotea. Na kama huna mkono wa kulehemu mpelekee fundi, vile vidoti ni vidogo sana, ukiking'oa kimoja kazi inakuwa ngumu mara mbili. Mimi nyaya zangu nimeziacha ndani na kiunganishi kidogo pembeni ya feni, ili siku nyingine nisilehemu tena.

Baada ya hapo usishangae avata hazionekani, hizo haziko kwenye ile imeji. Pakua apdeti rasmi ya toleo hilohilo la 17559, weka kwenye fleshi ya USB, na folda yake ibadilishe jina iwe $$ystemUpdate, yaani alama ya dola ya pili inakaa mahali pa S, ndio jina ambalo imeji za xeBuild zinalitafuta.