Nguva wa Kushonwa na Viroboto Wenye Magauni: Siku Niliyompeleka Mjomba Gati Namba 54, Seattle

Ukiishi Tukwila, Kent au SeaTac, hapa kando ya Seattle, ukapata mgeni wa kutoka nyumbani, shida yenyewe unaijua. Mnara wa Space Needle tumeutazama kutoka chini, maana bei ya kupanda juu ilinikumbusha kodi ya nyumba. Soko la Pike Place tumekwenda kuona wauzaji wakirushiana samaki, na mgeni wangu, mzee wa miaka sabini na ushei aliyevua maisha yake yote, akaniuliza samaki wa watu kakosa nini hata atupwe vile. Huyo ni mjomba wangu wa Kigombe, Tanga. Alikuwa amebakiza wiki mbili arudi na mimi nimeishiwa na pa kumpeleka. Ndipo mke wangu akanikumbusha lile duka la maajabu pale baharini, Ye Olde Curiosity Shop.

Usihangaike na gari. Gharama za maegesho ya kule chini zinatosha kununua kitoweo cha wiki. Sisi tulipanda treni ya Link hapo Tukwila, dola 3 kwa mtu mzima, mzee akalipa dola 1, tukashuka Pioneer Square. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwenda majini, ila mjue mji huu una miteremko. Mjomba alitembea kama anashuka jahazi, kiatu upande upande. Zamani kulikuwa na barabara ya ghorofa imeziba bahari yote. Waliibomoa mwaka 2019, siku hizi ukifika tu unapokewa na upepo wa chumvi na honi ya feri. Mzee alisimama akavuta pumzi, akasema maji ya hapa yananuka baridi.

Duka lipo Gati namba 54. Jina lenyewe limeandikwa Kiingereza cha mababu, na Mjomba alipoona nimelitaja mara mbili kwa namna mbili tofauti akaamua kuliita Duka la Yeoli. Basi na mimi nimelishika hilo.

Kuingia ni bure, na bure yenyewe ni ya kweli, hakuna anayekufuata kwa kikapu cha sadaka. Duka na makumbusho vimechanganyikana humo humo: fulana na vikombe vya kumbukumbu huku, makabati ya vioo huku, juu darini vitu vinaning'inia hadi shingo inakuuma. Mwanzilishi ni bwana mmoja J. E. Standley, mzaliwa wa Ohio, aliyelifungua mwaka 1899. Ukiujua wakati ule utaelewa. Miaka miwili nyuma meli ilikuwa imetia nanga Seattle na dhahabu ya Klondike, kaskazini mwa Kanada, mji ukafurika watu wanaopita kwenda huko kutajirika. Wengi walirudi mikono mitupu; Standley hakwenda popote. Alikaa dukani akawangoja mabaharia, wafanyabiashara na Wenyeji wa kaskazini wamletee pembe, vikapu, vinyago na kila kisichoeleweka, akanunua akauza. Mwaka 1909 yalipofanyika maonyesho makubwa hapa mjini, mkusanyiko wake wa vitu vya Alaska ulipata medali ya dhahabu, kisha ukanunuliwa na George Heye kwa ajili ya makumbusho yake New York. Standley akafa 1940, familia ikaendeleza. Duka limehamahama mara kadhaa, lakini halijaenda mbali na maji.

Nianze na viroboto. Kuna viroboto waliovishwa nguo, kazi ya mikono ya Meksiko. Macho matupu hayaoni kitu. Lazima uchungulie kwa kioo cha kukuzia. Mjomba aliinama, akavua miwani, akaivaa, akainama tena. Kimya. Halafu akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mwanangu, huyu aliyeshona hakuwa na deni la mtu." Palepale jirani ipo punje ya mchele iliyoandikwa sala ya Wakristo, Baba Yetu yote, ndani ya punje moja. Nikamtafsiria. Akatikisa kichwa. "Sisi tunaandika aya kwenye sahani, hilo kombe, tukalisuuza tukanywa. Wao wameandika mchele na hawaupiki."

Mke wangu alituacha hapo akaenda kwenye makombe ya baharini. Sehemu hiyo nayo ina vituko vyake kwa mtu wa pwani: vikapu vimejaa kauri za madoadoa, zile kubwa za mviringo ambazo sisi watoto tuliziokota maji yakitoka, tukawauzia wazungu kwa bei ya andazi. Aina hiyo inapatikana kuanzia pwani yetu mpaka visiwa vya Pasifiki, kwa hiyo siwezi kusema hizi zimetoka wapi. Mjomba aliishika moja akaigeuza tumbo juu, akaniuliza bei, nikambadilishia kwa shilingi. Akairudisha taratibu kama mtu anayerudisha yai la mwenyewe.

Sasa tufike kwa nguva.

Humu ndani wana kile kinachoitwa nguva wa Fiji: kiumbe kikavu, uso wa kutisha, meno nje, kiunoni kwenda chini ni samaki. Wa kwanza kutajirika kwa kiumbe cha namna hii Marekani alikuwa P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho, aliyemwonyesha wa kwake New York mwaka 1842, watu wakapanga foleni. Kumbe ni tumbili juu na samaki chini, kazi ya mafundi wa Kijapani. Hayo sikumwambia Mjomba. Nilimwambia tu, "Mjomba, hawa wanasema huyu ni nguva."

Jamani. Mtu huyu amewahi kumwona nguva. Zamani za ujana wake, akiwa dago, kambi ya wavuvi, huko Mafia, mnyama aliingia kwenye nyavu za wenzao, na hadi leo akisimulia hushusha sauti, kwa sababu anasema jike lile lilikuwa na maziwa kama ya mwanamke na lilitoa machozi. Sasa akaletewa hiki. Alisogea hadi pua ikagusa kioo. Alimkagua kama anavyokagua mshono wa tanga: kutoka juu, polepole, hadi pale magamba yanapoanzia. Akagonga kioo kwa kucha.

"Pale. Kiunoni. Unaona gundi ilivyovimba?"

Sikuona. Akanishika kisogo akaniinamisha. Nikaona, au nilidhani nimeona.

"Nguva hana magamba," akasema. "Ana ngozi kama kiboko. Huyu aliyemtengeneza hajawahi kumwona." Na alisema kwa huzuni ya fundi, si kwa dharau. Kilichomuudhi si uongo, ni uongo wa kutojua kazi. Kijana mmoja wa Kimarekani aliyekuwa nyuma yetu aliniuliza mzee anasema nini; nilipomfasiria, akamsogeza na mwenzake waje waoneshwe gundi. Kwa dakika kumi Mjomba alikuwa ndiye mwongoza watalii wa Duka la Yeoli.

Hapo ndipo akaanza habari ya silikanti, na wale vijana wakakaa kusikiliza huku mimi nikitafsiri kwa jasho. Kwa msiojua: ni samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za madinosaria, hadi 1938 akanaswa mmoja Afrika Kusini. Kwetu Tanga akaanza kuingia kwenye majarife mwanzoni mwa miaka ya 2000, si mmoja, wengi, na baadhi hapohapo Kigombe. Jarife ni wavu wa papa, unatandazwa kilindini, na yeye anakaa kilindini. Mjomba anasema mara ya kwanza walipomvuta walidhani ni chewa mgonjwa: mapezi manene kama mikono, macho ya kijani yanang'aa. Nyama yake mafuta matupu. Wakaja watu wa vipimo, wakaja wa serikali, na 2009 pakawekwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. "Hawa wameshona tumbili," akawaambia wale vijana, "sisi tumeletewa na Mungu mzima mzima, tukataka kumpika." Walicheka kabla sijamaliza kutafsiri.

Tulipita ndama wa vichwa viwili, pembe ndefu ya nyangumi wa kaskazini iliyosokotwa kama kamba, na mfupa mmoja mrefu mweupe ambao Mjomba aliupenda sana, akaupapasa kwa macho na kusema ungefaa mpini wa nanga. Akataka nimsomee kibandiko. Ni mfupa wa walrasi, yule mnyama wa barafu mwenye meno ya tembo. Mfupa wa wapi? Hapa nikaanza kukohoa. Ni wa kiume, Mjomba. Kiume wapi? Nikamwambia. Alitazama ule mfupa, akanitazama mimi, akatazama kama mke wangu yuko karibu. "Haya. Twende mbele."

Mbele ndiko kwenye jambo ambalo nataka kulisema wazi, kwa sababu wengi huandika kuhusu duka hili kama ni mzaha mwanzo mpaka mwisho.

Kuna maiti. Anaitwa Sylvester, amesimama ndani ya kabati la kioo, mwanamume mzima, ngozi kahawia imekauka kama ya ngoma, masharubu yapo. Duka lilimpata mwaka 1955. Hadithi ya kale inasema wachunga ng'ombe wawili walimkuta jangwani Arizona, mchanga na jua vimemkausha. Watafiti waliompiga picha za CT, zile za hospitali zinazoonyesha ndani ya mwili, miaka ya karibuni wakagundua mambo mengine: viungo vya ndani vimehifadhika ajabu, na mwili ulitiwa dawa ya aseniki, kwa hiyo jangwa halikufanya kazi hiyo. Kuna mtu alimtengeneza. Uongo upo kwenye hadithi, lakini mtu ni wa kweli.

Mjomba alikuwa ameshazoea kutafuta mshono. Akasogea, akakagua shingo, mabega, vidole vya miguu. Kucha. Halafu nikaona mkono wake umeshuka.

"Huyu hajashonwa."

"Hapana, Mjomba. Huyu ni mtu."

Akasema innalillahi kwa sauti ya chini, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake kwa lugha yoyote: "Hakuwa na mtu wa kumzika?" Pembeni mtoto alikuwa anapigwa picha na baba yake, wote wameachama mdomo kumwigiza marehemu.

Vichwa vilivyosinywa vipo pia, vidogo kama chungwa, midomo imeshonwa kwa nyuzi. Asili yake ni kwa Washuar wa Ekwado na jirani zao. Ngozi ilivuliwa kwenye fuvu, ikachemshwa, ikajazwa mawe ya moto na mchanga hadi ikasinyaa. Kwao lilikuwa jambo la vita na roho. Wazungu walipoanza kununua, bunduki kwa kichwa, ndipo watu wakauawa ili vichwa viuzwe, na ndipo vikatokea pia vya bandia vya ngozi ya mbuzi. Makumbusho ya Pitt Rivers kule Oxford yaliviondoa vyao mbele ya watu mwaka 2020. Mke wangu hakusogea kabisa. Yeye ni Mchaga wa Old Moshi, na kwao wanajua habari ya Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900 na kichwa chake inaaminika kikapelekwa Ujerumani. Ukoo unakitafuta hadi leo. Aliniambia tu, "Nyie tazameni, mimi nawasubiri kwa mashine za sarafu."

Maoni yangu ni haya: kama ningeulizwa, Sylvester angepewa kaburi na vichwa vingerudishwa kwa wenyewe, na duka lisingepungukiwa kitu. Nguva peke yake angetosha kutuleta. Lakini sitakudanganya kwamba nilifumba macho. Nilitazama, kama wewe utakavyotazama.

Mengine kwa haraka. Ukiwa na watoto wadogo, waambie mapema kuhusu maiti, usisubiri wamkute. Majira ya joto meli za utalii zikishusha watu humo ndani hapageuki. Sisi tulikwenda Jumanne asubuhi tukapata nafasi. Kigari cha mtoto kiache nje na mtu mmoja, njia ni nyembamba na kila kitu ni cha kuvunjika. Beba sarafu za mashine: mke wangu alibonyezewa senti moja ikawa bapa yenye picha, akacheka kama mtoto.

Njaa ikiwauma, mlango wa jirani kwenye gati hilo hilo ni Ivar's, wapo tangu 1938. Supu za chaza za Kimarekani mara nyingi hutiwa nguruwe, kwa hiyo wa kwetu chukueni samaki na chipsi, na ulizeni kwanza. Pale watu wanaruhusiwa kuwalisha shakwe. Mjomba aliona mama mmoja akimrushia ndege chipsi nzima nzima, akakusanya za kwake karibu na kifua.

Usiku, baada ya isha, nilikuwa napita ukumbini nikamsikia bado yuko kwenye dua. Aliwataja wazazi, akamtaja marehemu shangazi, akawataja waliozama. Kisha akanyamaza kidogo, na akaongeza: "na yule wa kabatini."

Asubuhi nilimkuta jikoni na chai. Akaniuliza kama treni inatembea Jumapili. Anataka kurudi na simu, awapige picha viroboto, maana amewapigia Kigombe na hakuna aliyemwamini.