Kibano cha Feni Kati ya RTX 3090 Mbili: Nimekipenda, Ila Kioo Hakifungi!

Haya jamani, karibuni tena. Leo msikimbie, maana hiki kipande cha bati nilichoshika kimenifanyia kazi iliyoshinda feni zote za kasha la kompyuta yangu. Ni kibano cha kushikilia feni, kazi yake ni kupoza kadi zangu mbili za picha, RTX 3090. Kinafungwa kwa skrubu kule nyuma, kwenye vifuniko vya sloti (zile nafasi za kuchomeka kadi), halafu kinapita ubavuni mwa kadi kikiwa kimebeba feni mbili za milimita 120. Basi. Hakina taa, hakina programu ya kupakua, hakikuombi ufungue akaunti. Raha iliyoje!

Vipimo vya RTX 3090 mnavijua, siwachoshi. Mimi shida yangu ni huu uwazi hapa katikati. Ngoja nisogeze kamera. Mnauona? Kila kadi inakula sloti 3, na daraja la NVLink, kile kiungo kinachounganisha kadi mbili, linazitaka zipangwe kwa nafasi ya sloti 4. Piga hesabu, imebaki sloti moja, milimita 20 hivi. Sasa kadi ya juu feni zake zinatazama chini, kwa hiyo hewa yake yote inaivuta kutoka kwenye kanafasi haka. Na sakafu ya haka kanafasi ni nini? Ni mgongo wa kadi ya chini! Tena si mgongo mtupu, kwa sababu 3090 ina chipu 24 za memori na 12 kati ya hizo zimebandikwa upande wa nyuma. Memori hiyo ya aina ya GDDR6X inavyochemka, mwenye nayo anajua. Yaani huyu wa juu anapumua jasho la mwenzake. Wati 350 huyu, wati 350 yule.

Tazameni uzi huu. Nimeuninginiza mdomoni mwa uwazi, gemu inaendelea, feni za mbele ya kasha zinazunguka zote, kelele si mnaisikia? Uzi unayumbayumba tu, mara ndani, mara nje. Ile hewa ya moto inayotoka kwenye mapezi ya kupozea ya kadi ndiyo hiyo hiyo inayorudi kuvutwa. Hewa safi ya mbele imepita zake juu na chini, penye njia pana. Ijibane huku ya nini? Kadi ya juu inasoma nyuzi joto 84. Sasa nawasha kibano... oneni uzi! Umenyooka kuelekea ndani, hautikisiki. Tusubiri kidogo. 81... 79... mnaona? 77. Na msitazame kadi ya juu peke yake, hapa HWiNFO, programu ya kupima joto, inaonyesha memori ya kadi ya chini, nayo inashuka, kwa sababu feni hizi zinaupuliza ule mgongo moja kwa moja. Huo ndio utamu wenyewe, feni hizo hizo zinahudumia kadi zote mbili. Nazima tena muone. Hee, inapanda mbio! Nawasha.

Mtu ataniuliza, nyuzi saba nane zina maana gani? Kadi hizi hujishusha kasi kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda, na zikifika kwenye 83 ndipo zinabana kwelikweli. Zikiwa mbili na zinapokezana fremu, ya juu ikilegea ya chini inaingoja. Unaishia kuona picha inakwamakwama ilhali namba ya fremu kwenye kona ni nzuri.

Najua, najua, maoni yameshaanza: "Kadi mbili za nini siku hizi?" Ni kweli, Nvidia iliacha kutengeneza profaili mpya za SLI (mpangilio wa kuziwezesha gemu kutumia kadi mbili) kuanzia Januari 1, 2021, na RTX 4090, ya kizazi kilichofuata, ilipotoka 2022 haikuwa na NVLink kabisa. Gemu lazima iwe imeandikwa kutumia kadi mbili, kama hii ninayocheza, Shadow of the Tomb Raider. Lakini wengi wenu mlinunua ya pili ikiwa mtumba kwa ajili ya Blender, ile programu ya picha za 3D, na joto halijali unafanya nini. Kadi za feni moja inayosukuma hewa nje kwa nyuma? Zinapangika vizuri zikibanana, ila kelele zake utaniambia. Mfumo wa maji nao unapoza kuliko hiki, sibishi, lakini kwa bei yake unapata vibano hivi vya kugawia marafiki. Huo tutaufungua siku nyingine, kwa hiyo bonyeza kengele, tafadhali.

Sasa kinachoniudhi. Feni za kawaida zina unene wa milimita 25, na ubavuni huku ndiko nyaya za umeme za kadi zinakotokea. Kioo cha ubavuni mwa kasha hakifungi! Angalia, nasukuma, kinagoma. Tena feni ya upande wa nyuma inapuliza nusu kwenye daraja la NVLink, hewa inapotea bure. Aliyekichora hiki sijui aliwahi kuona kadi mbili zikiwa zimeunganishwa? Weka feni nyembamba za milimita 15 na kioo kinafunga, japo nguvu ya hewa inapungua.

Na kabla hujatoa pesa, jaribu cha bure kwanza. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha umeme hadi asilimia 80. Kila kadi inabaki na wati 280, fremu zinapungua kidogo sana. Kwa kweli hilo peke yake linakaribia kufanya kazi ya kibano, na mwenye kadi za sloti mbili zilizoachana vizuri sioni sababu ya kukinunua. Kwa milimita 20 zangu hizi, navitumia vyote viwili, kioo nakiacha wazi, na feni ya kushoto nahamisha isipige daraja. Bisibisi yangu iko wapi?