Gari la kazi kwa biashara ndogo ya ufundi: pikapu, vani au Canter?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua magari ya kazi: pikapu ya kabini moja, pikapu ya kabini mbili, vani, na lori dogo la aina ya Canter. Tunayaangalia kwa jicho la mwenye biashara ndogo ya huduma: fundi bomba, fundi umeme, mtu wa viyoyozi, mtu wa usafi, wafungaji wa pampu. Wengi wakienda kununua huanza na injini. Mimi injini naiweka nyuma kabisa, cha kwanza ni uzito.

Fungua mlango wa dereva. Hapa kwenye nguzo, karibu na kufuli, pana kibandiko au kibati. Magari mengine hukiweka ndani ya boneti. Tafuta herufi GVM, au GVWR kwa magari ya soko la Marekani. Huo ndio uzito wa mwisho unaoruhusiwa, gari lenyewe, mafuta, watu na mzigo vyote pamoja. Ile "tani moja" ya kwenye tangazo haimaanishi tani moja ya mzigo wako, na hesabu hii inaonyesha kwa nini.

Tuchukue pikapu yenye GVM ya kilo 2,800 na uzito wa kilo 1,750 ikiwa tupu. Imebaki 1,050. Toa mafundi wawili, 150. Toa bodi ya chuma yenye makabati ya vifaa, 220. Keria na ngazi, 70. Jenereta, 90. Vifaa vya mkononi, fitingi na spea, 250, na hapo nimekadiria kwa huruma, maana masanduku ya fitingi za chuma ni mazito kuliko yanavyoonekana. Umebaki na kilo 270. Halafu mtu wa usafi anakuja kufunga tanki la maji la lita 500. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tayari amezidisha kilo 230, na tanki lenyewe hatujalipima. Kama ule uzito wa gari tupu haukuhesabu mafuta, lita 80 za dizeli ni kilo nyingine 67 hivi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, andika orodha ya kila kitu kitakachokaa ndani ya gari siku zote, ukipime. Ukishanunua na kufunga bodi, lipeleke mizani likiwa na vifaa vyote, watu wamekaa, tanki limejaa, na uombe upimiwe ekseli moja moja. Hiyo ya ekseli ndiyo wengi wanairuka. Ukiweka kilo 200 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita tatu, ekseli ya nyuma haibebi 200, inabeba kama 267. Zile 67 za ziada zimenyanyuliwa kutoka mbele. Usukani unakuwa mwepesi, matairi ya mbele yanapoteza mshiko, na taa zinamulika juu. Vitu vizito viwekwe mbele, karibu na kabini, na chini.

Ndiyo maana kwa kazi ya kubeba sipendekezi kabini mbili. Bodi yake ni fupi, karibu mita moja na nusu, na sehemu kubwa yake inaangukia nyuma ya ekseli. Kabini yenyewe imeshakula kilo zako. Kabini moja inakupa bodi ya mita mbili na zaidi, na mzigo unakaa mahali pake. Kabini mbili inunue kama kweli unasafirisha mafundi wanne au watano kila siku na mzigo ni mdogo.

Vani inafaa umeme, viyoyozi na kazi za elektroniki: vifaa havinyeshewi, havionekani, na unapanga rafu pande zote mbili. Kasoro yake ni moja, harufu na vumbi mnapanda navyo, na gesi mnakaa nayo humo humo. Mtungi wa gesi ndani ya vani usimame wima, ufungwe kwa mkanda, na pawe na tundu la hewa chini, kwa sababu gesi ya kupikia na gesi nyingi za friji ni nzito kuliko hewa, zinatulia sakafuni. Canter ichukue ukishapita mzigo wa tani moja na nusu kila siku. Chini ya hapo unalisha matairi sita na gari zito bure.

Sasa nashuka chini ya gari, maana hapa ndipo magari ya kazi yanapoharibiwa na wenyewe. Gari likionekana limelala nyuma, fundi anaambiwa aongeze majani ya springi. Gari linanyanyuka na mwenye gari anafurahi. Lakini GVM haikupanda hata kilo moja. Breki, bearingi, ekseli, rimu na chesisi ni vile vile.

Angalieni juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kifimbo hiki chembamba. Upande mmoja kimeungwa kwenye ekseli, upande wa pili kinaingia kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Gari likibeba, chesisi inashuka, kifimbo kinaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapata presha zaidi. Likiwa tupu, valvu inabana presha ili matairi ya nyuma yasijifunge na gari likaserereka. Ukiongeza majani mawili, gari linakaa juu hata likiwa na mzigo kamili. Valvu inalichukulia kuwa tupu, inabana breki za nyuma, na breki za mbele zinabeba kazi yote. Pedi za mbele zinaisha haraka, diski zinapinda, na kwenye mteremko mrefu breki zinachemka. Ukibadili springi, valvu hii irekebishwe siku hiyo hiyo. Magari mapya mengi hayana kifimbo, kazi hiyo inafanywa na ABS, mfumo wa umeme unaozuia matairi yasijifunge, lakini yaliyotumika bado yamejaa nacho.

Mifuko ya hewa ya kusaidia springi nayo ina kisa chake. Springi ya majani inagusa chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unasukuma katikati, sehemu moja. Ukiwa na mzigo mzito unaoning'inia nyuma, chesisi inajikunja juu ya ekseli. Ukikagua pikapu iliyotumika, simama pembeni uangalie mwanya kati ya kabini na bodi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, bodi imeinamia nyuma, na chesisi huenda imepinda. Kisha pita na tochi kwenye mabano ya springi ukitafuta nyufa, kuchomelea, au rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu. Mimi rangi mpya chini ya gari kuukuu huniogopesha kuliko kutu.

Matairi: soma namba ya uzito ubavuni. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi, 104 ni kilo 900, na hapo ni kwa presha iliyoandikwa, si kwa kukadiria kwa teke. Nunua yenye herufi C au LT, yaani tairi la kubebea mzigo. Namba nne za mwisho za DOT, ile alama ndefu ya ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Presha ipimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Baada ya kufunga tairi, kaza nati tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100.

Injini sasa. Kama kazi zako ni safari fupi fupi mjini, dizeli ya kisasa yenye chujio la masizi itakusumbua. Chujio linahitaji mwendo mrefu wa moto ili lijichome lenyewe. Ukilikatiza kila mara, dizeli inayoingizwa kwa ajili ya kuchoma inachuruzika kwenye oili. Dalili yake: oili inapanda kwenye stiki badala ya kushuka, na inanuka dizeli. Kwa mzunguko wa namna hiyo petroli inakutosha. Dizeli inalipa kwenye mzigo mzito na barabara ndefu, mradi umwage maji kwenye chujio la dizeli mara kwa mara, kwa sababu nozeli za presha kubwa, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, hazisamehe maji.

Mkikuta Hilux yenye injini ya dizeli ya 1KD, ulizeni habari za washa za shaba, yaani vile vipete vya kuziba vilivyo chini ya nozeli. Zikichoka, gesi ya mwako inapenya kwenye oili, masizi yanaganda, wavu wa kunyonyea oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, unaziba, na injini inafia njiani ikiwa na oili tele. Historia haijulikani? Badilisha washa, fungua sampu, safisha wavu.

Gari ambalo injini inaunguruma limesimama, likiendesha pampu au kuchaji betri, lisihesabiwe kwa kilomita peke yake. Saa moja ya kusimama ikiwaka ikadirie kama kilomita 40 hivi za kuchoka kwa injini. Saa mbili kwa siku, siku 25, ni kilomita 2,000 kwa mwezi ambazo dashibodi haizioni, na oili yako inazeeka.

Dereva awe na daftari: kilomita, lita, tarehe, kila mara akijaza tanki mpaka juu. Lita gawanya kwa kilomita, zidisha kwa 100, utapata lita kwa kila kilomita 100. Gari la lita 10 likihamia 11 na nusu kwa kazi ile ile, anza na vya bure: presha ya matairi, kisha gusa rimu baada ya safari. Iliyo moto kuliko wenzake ina breki inayoshika. Chujio la hewa lifuate, na nozeli ziwe za mwisho, kwa sababu hizo ndizo ghali kuzipima. Na ukifika kununua gari la pili, chukua modeli ile ile yenye injini ile ile, ili stoo iwe na aina moja ya vichujio, mkanda mmoja wa akiba, na tairi la spea linaloingia kwenye magari yote mawili.