Tecsun PL-330 na pete ya AN-200: redio ya dereva anayelala njiani

Nitoe hukumu kwanza, maelezo yafuate. Kama uko Marekani, unaendesha lori au unakesha kazini, na bado unaipenda AM, nunua pete ya AN-200, antena ya kuongezea nguvu stesheni za AM, kabla ya kununua redio yoyote mpya. PL-330 ifuate mfuko ukiruhusu. Wengi hufanya kinyume: wanamaliza pesa kwa redio, wanaiweka kando ya chaja ya simu, kisha wanasema AM imekufa.

Mimi ni mtu wa Nakuru, naendesha trela, na njia yangu kubwa ni I-80, ile inayokata Iowa na Nebraska mpaka Wyoming. Ukishapita North Platte ukielekea magharibi, FM hazidumu. Unashika moja, unapanda kilima, unashuka, imekwisha. AM ndiyo inayovumilia. Mchana mzima KOA ya Denver, kwenye kilohezi 850, inakusindikiza pamoja na stesheni ndogo za miji ya wakulima: bei ya mahindi, hali ya hewa, matangazo ya mazishi. Halafu jua linatua na hizo ndogo zinafifia, nyingine zinafunga kabisa.

Hazijaharibika. FCC, tume yao ya mawasiliano, ndiyo inayozilazimu kupunguza nguvu usiku au kuzima. Mchana kuna tabaka la chini katika anga la juu linalomeza mawimbi ya AM, kwa hiyo yanabaki yakitambaa ardhini. Jua likizama tabaka hilo linatoweka, mawimbi yanapaa hadi tabaka la juu zaidi na kurudishwa chini mamia ya maili kutoka yalikotoka. Stesheni zote zikiachwa na nguvu za mchana ingekuwa vurugu tupu. Kwa hiyo wanaobaki kutamba ni wale wakubwa wa kilowati 50, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani. Kila jua linapotua, basi, kuna kipindi kifupi ambapo jirani anazama na mgeni wa mbali anapanda mahali pake. Hicho ndicho nilichonunulia vifaa hivi viwili, na ndicho ninachovipimia hapa. Mambo mengine ya PL-330, yaani FM, masafa mafupi na SSB, ile njia ya kuwasikiliza watu wa redio za ridhaa, yapo na yanafanya kazi. Siyagusi.

Redio yenyewe ni ndogo, inaingia mfuko wa koti. Ukifungua mgongo unakutana na rafiki wa zamani: betri ya BL-5C, ile ile ya Nokia 1100. Nilicheka peke yangu ndani ya kebini. Inachajiwa kwa waya wa USB, na betri ya akiba ni rahisi kuipata. Unaandika namba ya stesheni moja kwa moja kwa vitufe, au unazungusha gurudumu la pembeni. Ipo pia ETM, inayotafuta stesheni zote yenyewe na kuziweka foleni, na kwa AM inazihifadhi kufuatana na saa, kwa hiyo orodha ya saa mbili usiku haifuti ile ya adhuhuri. Kwa mtu anayelala leo Iowa na kesho Wyoming, hiyo inaokoa muda mwingi.

Jambo la kuangalia siku ya kwanza: hatua ya masafa. Marekani stesheni za AM zinapishana kwa kilohezi 10, na kwetu Afrika, kama Ulaya na Asia, ni 9. Redio ikiwa kwenye 9, gurudumu litakupitisha 1035 na 1044, na WHO ya Des Moines, iliyo 1040, utaisikia ikikoroma tu kwa pembeni. Yangu niliinunua mtandaoni kwa muuzaji ambaye hakuandika neno lolote kuhusu hilo. Unabonyeza kitufe kwa muda redio ikiwa imezimwa, basi.

Sasa uwezo wake bila pete. Usiku, nje ya kebini, mbali na taa, ni mzuri kuliko umbo lake. Nikiwa Nebraska magharibi napata WHO upande wa mashariki, KSL ya Salt Lake City kwenye 1160 upande wa magharibi, na WBAP ya Texas kwenye 820 kutoka kusini. Hizo hazitaki ustadi. Lakini ndani ya redio ndogo kuna ufito mfupi wa feraiti, ndio antena yake ya AM, na ufito mfupi hukusanya kidogo. Ile antena ya kuchomoa haisaidii AM hata kidogo, usihangaike nayo.

Hapo ndipo AN-200 inapoingia. Ni duara la plastiki lenye upana wa shibiri moja, limezungushiwa waya, chini kuna kitako na kitufe cha kuzungusha. Haina betri wala haihitaji kuchomekwa popote. Unaisimamisha kando ya redio, unaweka redio kwenye stesheni dhaifu, unazungusha kitufe taratibu, na ghafla sauti inavimba. Namba ya nguvu ya mawimbi kwenye kioo cha redio inaruka, kwa hiyo macho yanathibitisha masikio. Kubadilisha stesheni ni lazima uzungushe upya, na hilo huwachosha wenye haraka. Mimi hunipumzisha, baada ya siku nzima ya vioo na breki.

Ila nguvu peke yake si kila kitu. Ninachokipenda zaidi ni kugeuza. Ufito ule husikia vizuri kwa ubavu na karibu huziba masikio kwa ncha. Mfano wangu wa kila mara uko magharibi kidogo ya Des Moines. Kwenye 830 kuna WCCO ya Minneapolis, iko kaskazini na inapiga kelele hadi inamwagikia 840. Elekeza ncha ya redio kaskazini, pete uigeuze pamoja nayo, na WCCO inanywea. Kwenye 840 inatokea WHAS ya Louisville, Kentucky, kutoka kusini-mashariki, inazungumza kama haijawahi kufichwa. Ukigeuza robo duara, Kentucky inaondoka na Minneapolis inarudi. Hakuna programu ya simu itakayokupa raha hiyo.

Na kuna mahali ambapo kugeuza hakufui dafu, afadhali ujue kabla ya kutoa pesa. Pale Walcott, Iowa, kwenye kile kituo kikubwa cha malori, Chicago iko mashariki na New York iko mashariki hiyo hiyo, nyuma yake. Tena waliopanga masafa waliziweka bega kwa bega: New York 660, Chicago 670, New York 710, Chicago 720, 770 na 780, 880 na 890. Ukiiziba Chicago umeiziba na New York, maana ziko mstari mmoja. Hapo kinachosaidia ni kichujio cha redio: PL-330 inakuruhusu kubana upana wa sauti inayopita. Ukibana, maneno yanakuwa mazito, kama mtu anazungumza kwa blanketi mdomoni, lakini Chicago inasogea na New York inapata nafasi. Muziki haufai kusikilizwa hivyo. Habari zinafaa.

Kwa muziki, usiku wa Jumamosi mimi niko 650, WSM ya Nashville. Wakenya wenzangu wanajua sababu. Sisi watu wa Bonde la Ufa tumelelewa na muziki wa country kuliko Wamarekani wengi wa mijini. WSM ndiyo inayorusha Grand Ole Opry, kipindi kilichoanza mwaka 1925 na hakijakoma. Mnara wake, wa mwaka 1932, unauona ukipita I-65 pale Brentwood: umenenepa katikati, umechongoka juu na chini. Kutoka Iowa sauti yake hupanda na kushuka. Dakika moja gitaa liko wazi, inayofuata linazama, kisha linarudi. Hakuna redio itakayokuondolea hilo, ni anga linalobadilika. PL-330 ina njia ya kupunguza adha hiyo, wanaiita "sync". Kwa masikio yangu faida yake ni ndogo na siitumii.

Kijana mmoja wa Eldoret tuliyepaki naye karibu aliniuliza, "Mzee, si ungeweka tu simu? Zote ziko kwa app."

Nikamwambia, "Weka yako, kijana wangu, tupate mechi ya Cardinals." KMOX ya St. Louis, 1120, ilikuwa ikitangaza besiboli. Kwa simu haki za matangazo zilimzuia, akaambiwa alipe kwanza. Kwa redio tulisikiliza hadi mwisho, ingawa sisi wawili hatukuelewa kwa nini watu wanashangilia mtu anayetembea. Isitoshe, kuna sehemu za Wyoming ambako simu haina hata mstari mmoja wa mtandao.

Adui mkubwa wa vifaa hivi yuko ndani ya lori lako mwenyewe. Inveta, friji ndogo, kamera ya kioo cha mbele, chaja za bei rahisi, taa za LED: vyote vinatoa mlio unaofunika AM. Chuma cha kebini nacho hufungia mawimbi nje. Zima inveta, chomoa chaja, weka redio na pete juu ya dashibodi karibu na kioo, au toka nje kabisa. Usipaki kati ya trela za friji. Pembeni kabisa mwa uwanja, hata kama choo kiko mbali, ndiko AM ilipo. Lori likiwa linatembea sahau pete, itakuangukia. Tumia redio ya lori, kama bado ina AM. Katika magari ya umeme watengenezaji kadhaa wameiondoa kwa sababu mota zinaivuruga. Ford walikuwa wakitaka kuiondoa hata kwenye magari yasiyo ya umeme mwaka 2023, wakaghairi baada ya kelele za watu na wabunge.

Msimu nao una neno lake. Desemba na Januari usiku ni mrefu na anga limetulia. Julai radi za mbali hupasua sauti kila sekunde chache. Jioni kama hizo huwa nalala mapema. Na usitarajie makubwa kwenye 1230, 1240, 1340, 1400, 1450 na 1490. Huko kumejazwa stesheni ndogo za kilowati moja nchi nzima, na usiku zote husema kwa pamoja, umati sokoni bila hata jina moja la kushika.

Spika ya PL-330 ni ndogo na inasikika ndogo. Kwa hedifoni ni redio nyingine. Vitufe navyo vimebanana kwa vidole vya dereva. Redio na pete pamoja vilinigharimu chini ya dola 130. Pete naipa nyota tano. Redio nne. Ukienda nayo likizo nyumbani, betri utaipata duka lolote la simu, rudisha tu hatua kwenye 9 kabla hujaiwasha mbele ya wazee.